Mmea unaoogopa kivuli kuliko kiangazi

Kusini mwa jimbo la Missouri, katikati ya Marekani, kuna milima ya Ozark, na sehemu kubwa ya milima hiyo ni misitu ya mialoni. Lakini ukipanda miteremko inayotazama kusini na kusini-magharibi, ile inayopigwa na jua mchana kutwa, utafika mahali ambapo msitu unakatika ghafla. Miti inakoma, nyasi zinapungua, na mwamba unabaki wazi: huku jiwe la mchanga, kule chokaa au dolomiti, kwingine mwamba mgumu wa volkano za zamani sana. Udongo ni wa sentimita chache tu, umejikusanya kwenye nyufa na kwenye mabonde madogo ya jiwe. Mwezi wa Julai hukai juu ya mwamba huo bila kutandika kitu.

Ukipita hapo asubuhi huenda usione cha kukusimamisha. Kuna vishada vya majani membamba, ya mviringo, yaliyojaa maji, yamekaa chini karibu kabisa na jiwe. Pita tena saa tisa alasiri. Juu ya vishada vile vimesimama vikonyo vyembamba vigumu, vingine vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, na kwenye ncha zake yamefunguka maua ya waridi iliyokolea sana, upana wa sentimita mbili hivi, petali tano kila moja, na katikati stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, nyingi za manjano. Kabla jua halijazama yameshafunga, na yaliyofunga leo hayafunguki tena. Kesho ni zamu ya mengine, na zamu hizo zinaendelea tangu mwanzo wa kiangazi hadi karibu na mwisho wake.

Mmea huo ni Phemeranthus calycinus. Ni wa kudumu, haufi kila mwaka kama mchicha, na unapatikana kwenye miamba na prairi (mbuga za nyasi) kavu za Missouri, Arkansas, Kansas, Oklahoma na majirani zao. Unaibua maswali mawili. La kwanza: mmea wenye majani ya maji unaishije mahali ambapo maji hayakai? La pili: kwa nini usishuke mteremko hatua hamsini tu, ukaishi kwenye udongo mzuri wa msituni? Wengi huyajibu yote mawili kwa pamoja: umezoea ukame. Jibu hilo linatosha kwa swali la kwanza kwa kiasi fulani, lakini swali la pili halijaguswa. Nami naamini swali la pili ndilo lenye uzito, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama mmea huu utaendelea kuwepo.

Ukame wa jiwe, si wa mbingu

Kwanza tuondoe picha ya jangwa. Ozark si jangwa. Mvua ya huko inazidi milimita 1,000 kwa mwaka, haiko mbali na mvua ya Dar es Salaam, na miti inayouzunguka mwamba inanyeshewa mvua ile ile. Tofauti iko chini ya ardhi. Msituni maji yanazama kwenye udongo wenye kina na mizizi inayachota kwa wiki kadhaa. Kwenye mwamba hayana pa kuzama. Mvua ya radi ya jioni moja inaujaza udongo ule mchache mpaka unakuwa tope, kisha siku chache za jua zinaukausha mpaka unapasuka.

Majira nayo yana vituko vyake. Wakati wa baridi maji yanatuama juu ya jiwe na kuganda. Barafu inapotanuka inauinua udongo na kuing'oa miche iliyoota vuli. Masika ya huko mwamba unachuruzika maji, na mahali pengine unatembea kwenye kinamasi chembamba chenye jiwe chini yake. Halafu ghafla ni kiangazi, na pale pale pamekuwa kikaango. Kwa hiyo mmea wa hapa lazima uweze mambo matatu kwa pamoja: kunywa upesi maji yanapokuja, kukua upesi yakiwapo, na kusimamisha kila kitu bila kufa yanapokwisha. Mmea wa jangwa halisi, ambako mvua ni ya nadra, hauhitaji sana lile la pili. Hapa ndipo Phemeranthus inapoachana na dungusi kakati.

Tazama umbo lake. Jani ni mcheduara, yaani la mviringo kama penseli, halina bapa. Umbo hilo linabeba maji mengi kwa ngozi kidogo, na ngozi ndiyo inayopoteza maji. Ukilikata kwa ukucha linavunjika kwa mlio mdogo na majimaji yanatoka. Chini yake kuna shina fupi na mzizi mnene uliojibana kwenye ufa, na huo mzizi ndio ghala la mmea wakati wa baridi: majani yote hufa, mzizi unabaki, na joto likirudi unachipua upya. Maua yakishafunga hugeuka matunda madogo makavu yanayopasuka vipande vitatu na kumwaga mbegu ndogo zenye upana wa milimita moja hivi. Mbegu hizo hazina mabawa wala nywele za kupeperushwa na upepo. Nyingi huangukia pale pale, hatua moja mbili kutoka kwa mama. Litunze hilo akilini, tutalihitaji baadaye.

Kinachotokea ndani ya jani usiku

Sasa tuingie kwenye sehemu yenye utata, ambayo imewafanya wanasayansi wauchunguze mmea huu mdogo kwa muda mrefu.

Kila mmea wa kijani hutengeneza chakula kwa usanisinuru: huchukua kabonidayoksaidi hewani, maji kutoka ardhini na nguvu ya jua, na kutoa sukari. Kabonidayoksaidi huingia kwa vitundu vidogo vya jani viitwavyo stomata. Shida ni kwamba tundu linaloingiza hewa ndilo hilo hilo linalotoa mvuke. Kwa kila molekuli moja ya kabonidayoksaidi inayoingia, mmea wa kawaida hupoteza mamia ya molekuli za maji. Mahindi, maharage, mwaloni, wote wako kwenye biashara hiyo ya hasara, ingawa mahindi yana ujanja wake wa kupunguza.

Kundi jingine la mimea limegeuza ratiba. Mkonge na nanasi ni mifano tunayoishi nayo. Mimea hiyo hufungua stomata usiku, wakati hewa ni ya baridi na maji hayapotei sana. Kabonidayoksaidi inayoingia usiku haiwezi kugeuzwa sukari papo hapo kwa kuwa jua halipo, basi huhifadhiwa ndani ya seli kwa sura ya asidi, hasa asidi ya maliki. Kukicha stomata hufungwa, asidi inavunjwa, kabonidayoksaidi inatoka humo humo ndani na usanisinuru unaendelea mlango ukiwa umefungwa. Njia hii huitwa kwa kifupi CAM.

Dalili yake inaweza kuonjwa mdomoni. Benjamin Heyne, aliyekuwa India, aliandika barua mwaka 1813 kuhusu mmea mmoja wa majani mazito: alipoonja jani asubuhi lilikuwa kali kwa uchachu, mchana karibu halina ladha, na jioni limeanza uchungu kidogo. Alikuwa anaonja asidi iliyokusanywa usiku na kumalizwa mchana, zaidi ya miaka mia moja kabla ya kazi yenyewe kueleweka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Craig Martin wa Chuo Kikuu cha Kansas aliuchukua Phemeranthus calycinus kutoka kwenye miamba ya Kansas na kuupima. Mmea wa majani ya maji, juu ya jiwe kavu: kila mtu angetarajia CAM ya moja kwa moja, kama ya mkonge. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1983 hayakuwa hivyo. Mmea uliomwagiliwa vizuri ulifungua stomata mchana na kuvuta kabonidayoksaidi mchana, sawa na maharage. Usiku haukuvuta kitu kutoka nje. Na bado, jani lilipochunwa alfajiri na kupimwa, lilikuwa na asidi nyingi kuliko jani lililochunwa jioni.

Asidi hiyo imetoka wapi, ikiwa hewa haikuingia? Imetoka ndani ya mmea wenyewe. Mimea nayo hupumua kama sisi, usiku na mchana, na ikipumua hutoa kabonidayoksaidi. Mmea wa kawaida huiacha ipotee usiku kucha. Phemeranthus huinasa kabla haijatoka, huihifadhi kama asidi, na asubuhi huitumia tena kutengeneza sukari. Hakuna kinachoingia kutoka nje, lakini kilichokuwamo hakitupwi. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mmea wenye msimu mfupi wa kukua kibaba hicho si kidogo: kila kabonidayoksaidi iliyookolewa usiku ni ile ambayo mchana haitalazimu stomata zifunguliwe kuitafuta, na maji ambayo yangepotea yanabaki.

Martin na wenzake walipouacha mmea bila maji, hali ilibadilika tena. Stomata zilifungwa mchana, zikafungwa na usiku. Kwa nje mmea ulionekana umesimama kabisa: hauingizi, hautoi. Ndani, asidi iliendelea kupanda usiku na kushuka mchana, ingawa kwa kiwango kidogo. Ni kama mwenye duka aliyefunga mlango kwa sababu ya ghasia mtaani, akaishi na familia yake kwa kilichomo dukani mpaka mtaa utulie. Hali hiyo haikuzi mmea hata milimita moja. Kazi yake ni kuuweka hai. Watafiti wamependekeza faida ya ziada: jani lililofunga stomata huku likiendelea kupigwa na jua kali lina nguvu nyingi isiyo na pa kwenda, na nguvu hiyo inaweza kuharibu mitambo yake. Kuwa na kabonidayoksaidi kidogo ya ndani ya kuishughulikia kunapunguza madhara.

Kwa nini basi mmea usitumie CAM kamili na kuondokana na shida yote? Kwa sababu CAM kamili ina gharama. Kiasi cha asidi kinachoweza kuhifadhiwa kwenye seli kina mpaka, kwa hiyo ukuaji ni wa polepole. Mkonge unaweza kungoja. Una miaka kadhaa mbele yake kabla ya kutoa mlingoti. Phemeranthus haina muda huo. Mvua ya radi ikishanyesha una siku chache tu za udongo wenye maji, na katika siku hizo lazima utengeneze majani, maua na mbegu kwa kasi ya mmea wa kawaida. Kwa hiyo umejitengenezea mkao wa katikati: kasi wakati wa neema, ubahili kila usiku, na kufunga kila kitu wakati wa dhiki. Kwa maoni yangu mkao huo unaeleza mwamba wa Ozark kuliko kipimo chochote cha mvua. Unaonyesha kwamba hatari ya pale ni maji kuja na kuondoka ghafla, wala si kukosekana kwake.

Jina lililohamahama

Atakayetafuta habari za mmea huu atakutana na majina mawili na ajue ni mmoja. Daktari George Engelmann, Mjerumani aliyehamia St. Louis na kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa mimea wa Marekani wa karne ya 19, aliuandika kwa jina la Talinum calycinum mwaka 1848, ndani ya taarifa ya safari ya daktari mwenzake, Wislizenus, kuelekea kaskazini mwa Meksiko. Engelmann ndiye pia aliyemshauri tajiri Henry Shaw kuhusu bustani iliyofunguliwa mwaka 1859 na ambayo leo ni Bustani ya Mimea ya Missouri. Jina Talinum likabaki kwa zaidi ya miaka 150, ndiyo maana makala za Kansas nilizozitaja zinalitumia.

Lakini tangu mwaka 1814 mtaalamu wa mimea Constantine Rafinesque alikuwa ameshapendekeza kwamba aina hizi za Amerika zenye majani ya mcheduara zina jenasi yao (kundi la spishi zilizo ndugu), Phemeranthus. Hakusikilizwa sana. Mwaka 2001 Robert Kiger alizihamisha rasmi spishi za Amerika Kaskazini kwenye jenasi hiyo, na uchunguzi wa DNA ukaonyesha kwamba Rafinesque hakuwa amekosea. Sio jenasi tu iliyobadilika. Familia nzima ya kale, Portulacaceae, iligawanywa, na mwaka 2009 mpangilio mpya unaotumiwa na wataalamu wengi ukazitenga: Phemeranthus ikaenda Montiaceae, Talinum ikapewa familia yake yenyewe.

Hapa Afrika Mashariki inaingia kwa haki. Talinum portulacifolium inaota kwenye nyika za Kenya na Tanzania na huliwa kama mboga ya majani. Portulaca oleracea, ambayo pwani baadhi huiita danga au tako la Hasani, iko karibu kila shamba na kila ufa wa saruji. Ukiziweka pembeni ya Phemeranthus utasema ni ndugu wa tumbo moja: maji kwenye majani, maua ya muda mfupi, matunda madogo. DNA inasema vingine. Talinum na Portulaca zina udugu wa karibu zaidi na dungusi kakati kuliko zilivyo na Phemeranthus. Kufanana kwa majani kumewapoteza wataalamu wazuri wa mimea kwa vizazi vitano, kwa sababu kubeba maji kwenye jani ni suluhisho ambalo ukoo huu wote umelielekea mara kwa mara, kila tawi kwa namna yake. Portulaca yenyewe imefika mbali zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba inaunganisha CAM na ile njia ya mahindi ndani ya seli zile zile, jambo lililodhaniwa haliwezekani.

Miongoni mwa ndugu wa kweli wa Phemeranthus ndani ya Montiaceae ni Lewisia rediviva, ua la jimbo la Montana. Mpelelezi Meriwether Lewis aliuchuna mwaka 1806 akirudi kutoka pwani ya Pasifiki, akaukausha, akaubeba hadi mashariki. Mizizi ile mikavu ilipopandwa Philadelphia ilichipua. Mtaalamu wa mimea Frederick Pursh ndiye aliyeupa jina, na rediviva maana yake ni aliyefufuka. Ustahimilivu wa mzizi ni sifa ya spishi nyingi za ukoo huu.

Kwa anayetaka kuzitofautisha spishi za Phemeranthus zenyewe, dawa ni kuhesabu stameni kwa kioo cha kukuzia, na lazima awahi alasiri kabla ua halijafunga. P. parviflorus ina 4 hadi 8. P. rugospermus, ya prairi za mchanga za kaskazini, ina 12 hadi 25. P. calycinus ina 25 hadi 45. P. mengesii ya kusini-mashariki inapita 50. Huko Tennessee na Alabama kuna P. calcaricus, iliyobaki kwenye maeneo ya chokaa tu, ambayo Stewart Ware aliitambulisha mwaka 1967.

Kwa nini usishuke mteremko

Turudi kwenye swali la pili. Ikiwa mmea unapenda maji kiasi hiki, unayanywa upesi na kukua upesi ukiyapata, kwa nini haupo kwenye udongo wa kina hapo chini?

Jerry na Carol Baskin wa Chuo Kikuu cha Kentucky walitumia miaka mingi wakichunguza mimea ya miamba ya mashariki mwa Marekani, na mwaka 1988 walichapisha tathmini ya sababu zinazotajwa mara kwa mara: aina ya udongo, urithi wa vinasaba, na mwanga. Hitimisho lao lilielekea kwenye mwanga. Mimea hii kwa ujumla haihitaji udongo mbaya. Ukiipanda kwenye udongo wa kina, ukang'oa mingine yote inayoizunguka, inastawi. Kinachoiua ni kivuli cha jirani. Nyasi ndefu, kichaka au mti ukikua juu yake, unadhoofika na kutoweka.

Ukilitafakari hilo, mwamba unageuka maana. Tumezoea kuuona kama mahali pa adhabu, ambako mmea maskini umefukuziwa. Kumbe mwamba ni ngome. Kiangazi chake kinawaua wapinzani wote wenye nguvu: mwaloni hauwezi kuzamisha mizizi, nyasi ndefu zinakauka, vichaka vinadumaa. Mmea mfupi wenye majani ya maji unabaki na jua lote peke yake. Ubahili wa usiku niliousimulia, mzizi wa kwenye ufa, kufunga stomata, vyote hivyo ni kodi unayolipa ili ukae mahali ambapo hakuna atakayeuzibia jua. Ukame ni mlinzi wake.

Lakini ngome hii ina mlango wa nyuma, na mlango huo umekuwa wazi kwa takriban karne nzima.

Kuna mti mmoja unaoweza kuota kwenye nyufa za mwamba wa Ozark: Juniperus virginiana, ndugu wa mtarakwa wa milima ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Undugu huo unaonekana hata kwenye mbao. Huo wa Marekani ulitengenezewa penseli, na mtarakwa wetu pia. Ni mti mvumilivu, ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu kila mahali, na ukishashika ufa haung'oki. Udhaifu wake mkubwa ni moto. Gome lake ni jembamba, majani yake yana mafuta, na ukiungua hauchipui tena kutoka chini.

Kwa karne nyingi moto ulipita kwenye milima hii mara kwa mara. Mingine iliwashwa na radi, lakini mingi iliwashwa na watu, na makovu ya moto kwenye pete za misonobari ya kale yanaitunza historia hiyo mwaka kwa mwaka. Waosage, wenyeji wa sehemu kubwa ya eneo hilo, walichoma nyasi kwa sababu zile zile ambazo wafugaji na wawindaji wa mahali pengi huchomea: kuleta majani mabichi, kufungua njia, kuongoza wanyama. Mikataba ya 1808, 1818 na 1825 iliwanyang'anya ardhi hiyo. Walowezi nao waliendelea kuchoma kwa muda, mifugo yao ikala nyasi zilizokuwa kuni za moto, na kuanzia miaka ya 1930 serikali iliingia kwa nguvu kuzima kila moto wa msitu. Nia ilikuwa njema, kuokoa mbao na udongo. Matokeo kwenye mwamba yalikuwa kwamba mitarakwa ilijaa. Ardhi iliyokuwa wazi ikafunikwa na kijani cheusi, chini yake mazulia ya majani makavu, na mwanga ukakatika.

Phemeranthus iliyoweza kustahimili jiwe la moto la Julai haina silaha dhidi ya hilo. Mitambo yake yote ya kuokoa maji haisaidii kitu gizani. Na kumbuka mbegu zisizo na mabawa: mwamba ukishafunikwa, mmea hauwezi kuruka msitu kwenda kwenye mwamba mwingine.

Kwamba msitu unaweza kuwa ukuta namna hiyo, ushahidi wa wazi zaidi umetoka kwa mnyama wa miamba ile ile, mjusi mwenye pete nyeusi shingoni aitwaye Crotaphytus collaris. Kuanzia mwaka 1984 Alan Templeton wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis na wenzake waliwarudisha mijusi hao kwenye miamba ya mlima Stegall, Missouri, baada ya mitarakwa kuondolewa hapo. Mijusi walizaana vizuri, ila hawakuhama. Msitu wa upana wa mita 50 tu uliwashinda kuuvuka, ingawa wana miguu na kasi. Mwaka 1994 wasimamizi walianza kuchoma eneo lote kwa mpango, misitu pamoja na miamba. Ndipo mijusi walipoanza kutoka, kuvuka na kuanzisha makazi mapya. Ikiwa mnyama mwenye miguu minne alikwama kwa miaka kumi, mtu apime mwenyewe hali ya mbegu inayoangukia miguuni pa mama yake.

Leo kwenye hifadhi nyingi za Missouri kazi inafanyika kwa hatua. Kwanza mitarakwa mikubwa inakatwa kwa msumeno, kwa sababu imeshakuwa mingi kiasi cha kubana nyasi ambazo zingebeba moto. Kisha, nyasi zikirudi, moto wa mpango unapitishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa kawaida wakati mimea mingi imelala. Phemeranthus wakati huo ni mzizi tu uliojificha ndani ya ufa, na moto wa nyasi chache unapita juu yake. Naona ni jambo linalostahili kusemwa kwa sauti huku kwetu pia, ambako moto wa nyasi unazungumzwa kama uharibifu mtupu: kuna viumbe ambao bila moto uliopangwa vizuri hawana mahali pa kuishi. Ni nani anauwasha, lini na mara ngapi, hayo ndiyo ya kuulizwa.

Mmea huu pia umepata makazi mapya kabisa, juu ya majengo. Miji ya Marekani inayojenga mapaa ya kijani, yaani mapaa yenye tabaka jembamba la changarawe na mimea kwa ajili ya kupunguza joto na kuzuia maji ya mvua yasifurike barabarani, imeichagua Phemeranthus calycinus mara nyingi. Paa la aina hiyo lina udongo wa sentimita chache juu ya kitu kigumu, jua la mchana kutwa, mafuriko mafupi na kiangazi kikali. Hakuna haja ya kumwagilia mara kwa mara, na mmea hujipandikiza wenyewe kwa mbegu zake. Mtunzaji wa paa hilo ana kazi moja asiyoweza kuiacha, ambayo ni ile ile iliyofanywa na moto kule Ozark: kila mwaka apande ngazi akang'oe miche ya miti iliyoletwa na ndege na upepo.